Ijumaa ya Bi Dakika

Saa moja kasoro robo asubuhi, siku ya Jumatano, Bi Dakika alitoka chumbani amevaa koti lake la kazi la rangi ya kaki, akasimama mbele ya kalenda ya ukutani, akasema leo ni Jumatatu. Binti yake, fundi wa sare za shule, alikuwa sebuleni anapima mkanda wa sketi. "Jumatano, mama," alisema bila kuinua kichwa. Bi Dakika akarudia kwamba ni Jumatatu. Redio iliyokuwa juu ya kabati ikakoroma kidogo, kisha msomaji wa taarifa ya habari, ambaye alizikwa miaka kumi na tisa iliyopita, akawatakia wasikilizaji Jumatatu njema.

Fundi aliweka mkasi chini, akaenda dirishani. Barabarani ilikuwa Jumatano kama kawaida. Gari la taka, ambalo hupita Jumatano tu, lilikuwa linashuka mtaa polepole na wafanyakazi wawili wamening'inia nyuma. Ndani ya ua wao ilikuwa Jumatatu ya zamani, na mvua ya siku hiyo ilikuwa inanyesha juu ya bati lao peke yake. Mama Pacha, jirani wa ukuta kwa ukuta, alishatoa ndoo tatu na kuzipanga chini ya mchirizi.

"Jirani," aliita Mama Pacha, "hii mvua yenu ni ya leo tu au na kesho?"

"Sijui. Inategemea mama."

"Basi naloweka na mashuka."

Kabla ya hapo yalikuwa mambo madogo tu. Bi Dakika aliuliza siku mara mbili katika saa moja. Alijiandaa kwenda kwenye mazishi yaliyofanyika wiki iliyopita, na ambayo yeye mwenyewe alihudhuria. Alimkaripia mwenye duka kwa kufunga siku ya kazi, na ilikuwa Jumapili. Kwa mtu mwingine mambo hayo yangepita. Kwake yeye ilikuwa aibu kubwa, kwa sababu alikuwa ametumia miaka thelathini na moja katika kibanda cha getini cha kiwanda cha sabuni, akiandika kwenye daftari la mahudhurio saa ambayo kila mfanyakazi aliingia. Waliochelewa aliwaandika kwa wino mwekundu, wakiwemo mabosi. Ndiko alikopata jina la Bi Dakika. Watu wa mtaani walirekebisha saa zao kwa kumtazama akipita.

Sasa alikuwa anaandika tarehe kiganjani kwa kalamu kila asubuhi, na akinawa mikono inafutika. Siku moja alimshika binti yake mkono jikoni, akamwambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba jambo la siri, "Nikikuuliza siku, nijibu tu. Usiniangalie. Nijibu kama vile ndiyo mara ya kwanza."

"Sawa, mama."

"Leo siku gani?"

"Alhamisi."

"Asante."

Wiki ile ya mvua walikwenda kliniki. Daktari alimpa Bi Dakika karatasi, akamwomba achore saa inayoonyesha saa nne na dakika kumi. Alichora duara zuri sana. Halafu namba zote zikajibana upande wa kulia kama watu wanaokimbia jua, na mishale haikupata pa kukaa. Aliitazama kazi yake kwa muda mrefu. "Saa hii mbovu," alisema. "Nani kaichora?"

Daktari aliandika kitu kwenye faili. Alimweleza fundi kwamba huo ni mwanzo tu, kwamba tarehe hutangulia kupotea, na mengine hufuata taratibu. Fundi akamweleza kuhusu redio na mvua. Daktari aliandika na hayo pia.

"Siku zikija, msibishane nazo," alisema. "Mkibishana naye anaingiwa na hofu. Mfuateni huko huko aliko."

"Na kazi yangu?"

"Unafanya kazi gani?"

"Nashona."

"Hapo mpangane kama familia," alisema daktari, akamwita mgonjwa mwingine.

Familia ilikuwa watu watatu: Bi Dakika, fundi, na mdogo wake fundi, mhandisi wa mabomba ya maji, aliyekuwa anaishi upande wa pili wa mji kwenye nyumba yenye ngazi. Baba aliondoka zamani sana, mtoto wa pili akiwa bado hajaota meno, na hakuna siku hata moja ya Bi Dakika iliyomrudisha. Mhandisi alikuja Jumapili moja baada ya kupigiwa simu mara tano. Bahati yake, mama aliamka siku hiyo kwenye Jumapili nyingine, ile ambayo mhandisi alikuwa na miaka tisa. Mpira wake wa plastiki, uliopotea juu ya paa enzi hizo, ulidondoka uani mbele ya miguu yake. Aliuchezea mpaka jasho likamtoka, amekunja suruali yake ya suti, na mama yake alimtazama kutoka kizingitini, akimwambia asivunje vioo. Mhandisi alikunywa chai vikombe vitatu.

"Dada, mama hana tatizo lolote," alisema wakati wa kuondoka, anafuta viatu. "Mimi naona yuko vizuri kuliko sisi. Abaki hapa hapa na wewe."

"Juzi alitoka kwenda kazini saa kumi alfajiri. Nilimkuta kule kiwandani, getini. Pamebaki ukuta tu."

"Si ulimkuta?"

Fundi alirudi kwenye cherehani. Alikuwa na sketi arobaini za kumalizia kabla ya Jumatatu, ile ya watu wote.

Baada ya miezi michache walishazijua tabia za siku hizo. Kilichokuja na siku kiliondoka nayo jua lilipozama, isipokuwa kile kilichovuka uzio. Maji ya Mama Pacha, kwa mfano, yalibaki kwenye ndoo zake na akayatumia. Fundi mwenyewe hakubadilika. Alibaki mwanamke wa miaka hamsini na mmoja, mwenye mvi na magoti mabaya, lakini mama yake alimwona jinsi siku husika ilivyotaka amwone. Siku nyingine alimwita amsuke. Siku nyingine alimpiga kofi kwa kuvunja bilauri, na bilauri kweli ilikuwa chini, vipande vipande.

Halafu ikaja ile Ijumaa.

Kwa watu wengine ilikuwa Jumanne ya mwezi wa tatu. Bi Dakika aliamka akasema ni Ijumaa, tarehe nane Januari, na papo hapo mtoto mchanga akaanza kulia chumba cha nyuma. Fundi aliitambua sauti. Alikuwa mdogo wake, wa mwaka mmoja. Saa hiyo hiyo mhandisi alikuwa kwenye kikao, na baadaye alilalamika kwamba koo lilimkauka ghafla kama mtu aliyelia, ikabidi aombe maji.

Saa nne tarishi wa posta aliegemeza baiskeli yake getini, akapiga kengele. Bi Dakika alisaini, akapokea barua, akaifungua kwa chupio la nywele na kuisoma pale pale alipokuwa amesimama. Fundi alikuwa kwenye cherehani yake, hatua nne nyuma. Aliona uso wa mama yake ukifunguka kwa furaha, tabasamu la meno yote, ambalo hakuwahi kuliona juu ya uso ule. Mtoto akalia tena. Bi Dakika akageuka akaangalia saa ya ukutani, na tabasamu likaondoka. Aliikunja barua mara nne, akainua sufuria jikoni, akaiweka barua juu ya makaa. Kabla haijashika moto, fundi aliona muhuri wake. Ulikuwa muhuri wa shule ya sekondari ya wasichana, ile ile aliyokuwa anaishonea sketi kwa miaka ishirini na sita.

Fundi alijua kwamba alifeli mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Alilijua hilo kama alivyojua urefu wake. Kwa sababu ya kufeli hakuwahi kubishana na mtu aliyesoma, hakuwahi kuandika barua bila kumwomba mtu aipitie, na alipoposwa na mwalimu mmoja mpole alimkataa, akijua kwamba siku moja yule mwalimu angegundua alivyo mjinga. Alisimama akazima redio. Alitoka akaenda kukaa kwa Mama Pacha mpaka Ijumaa ile ilipokwisha.

"Mbona umekuja na kitambaa mkononi?" aliuliza Mama Pacha.

"Nilifaulu," alisema fundi.

"Nini?"

"Mtihani."

Mama Pacha alimkaribisha kiti.

Ijumaa hiyo ilirudi baada ya wiki tatu. Safari hii fundi alimsubiri tarishi barabarani, nje ya uzio, akasaini yeye. Aliisoma barua mara mbili. Jina lake liliandikwa kwa mashine ya chapa, bila kosa hata moja. Alikuwa amechaguliwa kuingia kidato cha kwanza, bweni, aripoti kabla ya tarehe ishirini na moja Januari, aje na ndoo, mashuka mawili na jembe. Aliificha barua kwa Mama Pacha, akarudi ndani.

Bi Dakika alikuwa dirishani. Alisimama pale tangu saa nne hadi jioni, anaangalia geti. Hakula. Kila baada ya dakika chache aliuliza kama posta imeshapita, na alipoambiwa imepita, alisema haiwezekani, siku haiwezi kwenda bila barua. Mtoto alilia mpaka sauti ikaisha. Fundi aliona kwamba hofu ile si ya kuigiza, na usiku huo alipomvua mama yake viatu alikuta miguu imevimba.

Lakini barua alikuwa nayo, imevuka uzio, haikuyeyuka. Kesho yake aliibeba pamoja na furushi la sketi, akaenda nayo shuleni.

Karani wa uandikishaji, kijana mwenye tai fupi, aliwahi kushonewa suruali na fundi. Aliishika barua kwa ncha za vidole, akaigeuza, akaipeleka kwenye mwanga.

"Muhuri ni wetu," alisema. "Huu wa zamani, kabla hatujabadilisha."

Alikwenda stoo, akarudi na daftari kubwa lililoliwa kona na panya. Alifungua kurasa taratibu, akishuka kwa kidole, mpaka akafika kwenye mstari wenye jina la fundi. Mbele yake paliandikwa neno moja: *Hakuripoti.*

"Walikusubiri siku nne zaidi," alisema karani, kwa heshima. "Halafu nafasi akapewa mwingine."

"Najua. Sikuja kugombana."

"Ila barua yenyewe bado halali. Humu hawakuandika kwamba ukichelewa inakufa. Wangeandika." Alitoa fomu kwenye mtoto wa meza. "Muhula ujao tuna nafasi. Hapa chini mzazi atie sahihi."

"Nina miaka hamsini na mmoja."

"Fomu haijauliza miaka. Imeuliza mzazi."

Fundi aliikunja fomu, akaiweka kifuani.

"Sare je?" aliuliza.

"Hilo nakuachia wewe," alisema karani, na wote wawili wakacheka kidogo.

Alisubiri siku nyeupe. Zilikuwa zimeanza kuwa chache, lakini zilikuwepo: siku ambazo Bi Dakika aliamka katika siku ile ile ya majirani. Ilikuja Alhamisi moja. Mama aliitaja tarehe vizuri, akataja mwezi, akataja na mwaka, akaomba miwani yake ili asome gazeti. Badala ya gazeti fundi alimwekea fomu, na kalamu pembeni.

Bi Dakika aliisoma yote, mpaka anwani ya mchapaji.

"Yaya aliondoka Jumatano," alisema mwishowe. "Bila kuaga. Na mimi ndiyo kwanza walinipa kibanda. Mwanamke wa kwanza kupewa kile kibanda. Ningekosa zamu mbili tu, wangenirudisha kwenye kufunga sabuni, na Ijumaa ile ilikuwa ya kwanza."

Hakukuwa na haja ya kuuliza anazungumzia nini.

"Ungeniambia ukweli, mama. Ningebaki tu. Ningemlea."

"Ungenichukia."

"Ningekuchukia mwaka mmoja. Miwili. Ningejua kwamba nina akili."

Bi Dakika alivua miwani akaifuta na upindo wa kanga, ingawa ilikuwa safi. "Nilidhani nitakwambia mwaka unaofuata," alisema. "Halafu mwaka unaofuata ukapita. Mimi, wa kupitiwa na mwaka."

"Tia sahihi basi."

Alichukua kalamu. Aliishika kama alivyoishika miaka yote getini, wima, kidole cha shahada kimenyooka. Ncha iligusa karatasi na kuacha nukta. Kisha akainua macho, na fundi akaona ndani yake ile hofu ya dirishani.

"Ukienda," aliuliza Bi Dakika, "mimi mchana nitabaki na nani?"

Aliiweka kalamu chini, taratibu, sambamba na karatasi.

Fundi alimpigia mdogo wake. Mhandisi alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake.

"Pole sana, dada," alisema. "Kweli imeniuma. Lakini kwa umri huo, shule ya nini tena?"

"Nataka kwenda."

"Na mama je? Mimi kazi yangu unaijua, leo niko huku, kesho niko kule. Mke wangu naye ndiyo kabisa, hawaelewani."

"Ile barua ilichomwa kwa ajili yako."

"Nilikuwa na mwaka mmoja, dada! Mimi ningejuaje? Halafu tuseme ukweli. Ungeenda bweni, mimi angenishika nani? Kwa namna fulani ilisaidia."

Fundi aliihamishia simu sikio la pili.

"Na kitu kingine," alisema mhandisi. "Hizo sare punguza. Kelele za cherehani zinamchanganya. Mimi nitakuwa natuma kitu kila mwezi. Daktari si alisema mpangane kama familia? Ndiyo tumepanga."

Fundi alimalizia sketi zilizokuwa zimekatwa tayari. Vitambaa vilivyobaki alivirudisha shuleni, akamweleza karani kwamba hatashona tena na kwamba fomu haikupata sahihi. Karani alisikitika. Alimwambia barua wataiweka kwenye faili, isipotee, na wakati wowote mzazi akiwa tayari waje. Cherehani ilifunikwa kwa shuka la maua, ikawa meza ya kuwekea dawa za mama.

Mwezi wa saba Ijumaa ile ilirudi kwa mara ya tatu. Mtoto alianza kulia, Bi Dakika akajisogeza dirishani, macho getini. Tarishi alipopiga kengele, fundi alitoka akasaini, akairudisha barua ndani bila kuifungua, na kumkabidhi mama yake kwa mikono miwili. Asingeweza kumwona amesimama pale tena mpaka jioni.

Mambo yakaenda kama yalivyokwenda. Chupio, tabasamu la meno yote, kilio, saa ya ukutani, sufuria kuinuliwa. Karatasi ilijikunja, ikawa nyeusi, ikawa majivu. Safari hii fundi hakutoka. Alikaa kwenye mkeka akichambua mchele, akasubiri.

Mnamo saa kumi Bi Dakika alikuja, akakaa kwenye kigoda mbele yake.

"Majina yametoka," alisema. "Wewe hukuchaguliwa."

"Sawa, mama."

"Njoo hapa."

Fundi alisogea kwa magoti. Mama yake alimvuta, akamlaza kichwa kifuani, kwenye koti la kaki lililonukia sabuni ya kufulia, akamfunika kwa mikono yote miwili. Ndivyo alivyofanya hata siku ile yenyewe, miaka thelathini na minane iliyopita. Bi Dakika hakuwa mtu wa kukumbatia watoto. Hakufanya hivyo kabla ya Ijumaa ile, na hakufanya hivyo tena baada yake, hata fundi alipougua, hata alipomkataa yule mwalimu na kulia siku tatu.

"Nyamaza, mwanangu. Nyamaza," alisema Bi Dakika, ingawa fundi hakuwa analia. "Si kosa lako. Wewe ni mtoto mzuri. Wewe ndiye mkono wangu wa kulia." Vidole vyake vilipita polepole katikati ya mvi, vikitenganisha nywele kama vinatafuta mahali pa kuanzia kusuka. Mtoto alilia chumbani, akalia sana, na kwa muda ule mama akamwacha alie.

Fundi hakusogea mpaka jua lilipozama na ua wao ukarudi kuwa wa mwezi wa saba, Jumatatu.

Siku hizi Bi Dakika anauliza mara kumi, kumi na tano kwa siku. Fundi anamjibu kila mara bila kumwangalia, kama alivyoombwa. Ila asubuhi, lile swali la kwanza, halijibu haraka. Anaweka kikombe chini, anasubiri kusikia kama mama yake atasema mwenyewe kwamba leo ni Ijumaa.